Chakula Kisichodai Bakuli

Kabla hujafika nyumbani na vidonge vyako vya kifua kikuu, mtaa utakuwa umeshajua. Usihangaike kumtafuta aliyesema. Mimi nilipoteza wiki nzima nikimtafuta, wiki ambayo ningeweza kuilala. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeanza dawa juzi, uliyetengewa kikombe chako na kona yako, na unajiuliza kama kuna mtu atakayekula tena kitu kilichotoka mkononi mwako. Habari za vidonge waulize manesi, wanaijua kazi yao. Mimi nitakueleza yale ambayo mimi mwenyewe hakuna aliyenieleza.

Kwanza ujue unaongea na nani. Nimekulia katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Nilisoma kwa kibatari, nikapata diploma ya ujenzi katika chuo cha ufundi cha Tanzania, nikarudi Burundi na begi moja na mama yangu mzazi. Sikuachiwa shamba wala kiwanja na mtu yeyote. Leo ukiingia Kinama, mtaa wetu wa Bujumbura, nyumba yangu utaiona bila kuuliza njia: matofali ya kuchoma, mabati mekundu, na ua uliopigwa sima, yaani saruji, kuanzia langoni mpaka ukuta wa nyuma. Mtaani hakuna wa pili. Mvua ikinyesha majirani wanakunja suruali na kubeba viatu mkononi, mimi natoka na viatu vyangu vya heshima na kurudi navyo vikiwa safi. Wananiita Injenyeri. Diploma si uhandisi, najua, lakini watu wakikupa cheo kwa kazi waliyoiona kwa macho yao, kuwasahihisha ni kukosa adabu.

Kikohozi kilianza katikati ya kiangazi, wakati vumbi limekaa juu ya kila kitu na milima ya upande wa Bubanza haionekani. Nilisema ni sima. Mtu aliyevuta vumbi la sima miaka yote hii, nilisema, lazima akohoe.

"Sima gani hiyo?" mke wangu Jenerose aliniuliza asubuhi moja huku akianika shuka. "Sima inakuamsha umelowa kama mutu ametoka mu ziwa?"

Jenerose amezaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha Bujumbura. Changu cha Tanzania hukicheka, ananiambia naongea kama redio. Siku hiyo hakucheka. Mkanda wangu nilikuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Mmoja wa mafundi wangu akaniambia mbele ya wenzake, "Patron, siku hizi si weye unavaa suruali, ni suruali inakuvaa." Nikamfukuza kazi. Jioni nikamrudisha, kwa sababu nilijaribu kunyanyua ndoo ya zege mwenyewe na ikanishinda.

Benchi la kituo cha afya nitalikumbuka mpaka kaburini. Wagonjwa wa kawaida hukaa ndani. Sisi tuliwekwa nje kwa nyuma, chini ya bati, ili upepo upite. Ni jambo la busara, sikatai, lakini kila anayekwenda chooni hupita mbele yako na kukutazama usoni. Kwa hiyo kwenye benchi lile hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Muulize mwanamke aliyejifunika kitenge mpaka machoni: amemsindikiza shangazi. Muulize kijana mwenye mbavu kama ngazi: amemsindikiza rafiki. Nami nilipoulizwa nilisema nimekuja kukagua paa, maana bati lile kweli lilikuwa limepigiliwa vibaya. Kisha nesi akatoa kichwa dirishani na kuyaita majina yetu kwa sauti ya kuuza samaki, na mmoja baada ya mwingine wasindikizaji wote tukasimama.

Nitakuambia jambo moja la mwili kwa sababu mimi lilinitisha. Kidonge cha siku ya kwanza kilibadili mkojo wangu ukawa mwekundu kama Fanta. Nikajua ndiyo mwisho, damu hiyo. Nikamwita Jenerose, naye akamwita mama yangu, wakasimama wawili mlangoni mwa choo wakijadili mkojo wa mtu mwenye diploma. Kumbe ni dawa tu. Hata jasho linabadilika, hata machozi. Singlendi zangu zote nyeupe zikawa na ramani. Nesi alisema, "Eh, nilisahau kukuambia." Mimi ningesahau kuweka nondo kwenye msingi, sijui angesema nini.

Watoto walipimwa. Divine, wa miaka sita, alikuwa salama, na mdogo wake alipewa vidonge vya kinga. Nikahamia chumba cha wageni, dirisha wazi, mbu wote wa Kinama ndani. Hapo ndipo habari ya vyombo ilipoanza.

Jenerose alichukua sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, akavipaka nukta ya rangi ya kucha kwa chini. Nyekundu. Sikumlaumu, alikuwa na watoto wawili wa kulinda. Lakini nukta ile ilinikera kuliko ugonjwa. Kila nikimaliza kula niliigeuza sahani na kuitazama. Nililia barazani peke yangu, samahani, nilikula barazani peke yangu, ingawa zipo siku yote mawili yalikwenda pamoja. Mama ndiye aliyeniokoa kidogo. Alileta kigoda chake na sahani yake, akakaa hatua chache kutoka kwangu, upande ambao upepo unatokea, akala nilipokula.

"Mama, utaambukizwa," nilimwambia.

"Upepo unatoka kwangu kuja kwako," alisema. "Mimi ndiye nitakayekuambukiza uzee. Kula."

Sasa nije kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni jirani yetu wa upande wa chini, tunatenganishwa na ukuta unaofika kifuani. Ni mtu wa Uvira, ng'ambo kule Kongo, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sauti yake inasikika mpaka stendi. Tangu nijenge, vyombo vilikuwa vinapita juu ya ukuta ule. Alikuwa na bakuli lake la bati lililopakwa rangi, jeupe, lenye ukingo wa buluu, limebanduka kidogo pembeni. Likija kwetu lina ndagala za mawese. Likirudi kwake lina maharage, au ndizi, au mahindi mabichi. Huo ndio utaratibu wetu, hata mtoto anaujua: bakuli la jirani halirudi tupu. Ukilirudisha tupu umemwambia kwamba mambo yameishia hapo. Kwa hiyo haliishii. Linakwenda, linarudi, linakwenda, na ndiyo maana majirani huitana ndugu.

Nilipougua, Mama Furaha aliendelea kuleta chakula. Kusema kweli alileta zaidi kuliko zamani: uji wa soya, supu, ndagala. Jenerose alimshukuru, mama alimshukuru. Mimi ni mtu wa kupima, na jicho langu liliona kitu ambacho wao hawakukiona. Supu ilikuja kwenye kopo la nyanya lililokwisha. Ndagala zilikuja kwenye jani la mgomba. Uji ulikuja kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo.

"Bakuli lake liko wapi?" nilimuuliza Jenerose.

"Sijui. Amesema iyi kopo tutupe tu, tusijisumbue kurudisha."

"Ndiyo nakuuliza. Kwa nini tusijisumbue?"

Jenerose alinitazama, akaelewa, akalichukua kopo na kuingia ndani.

Unaona? Alikuwa ananilisha na wakati huohuo ananiambia: usinirudishie kitu. Ni chakula kisichodai bakuli. Mbwa wa njiani ndiye hupewa namna hiyo, na maskini wa mlangoni mwa kanisa. Mimi, ambaye msingi wa nyumba yake nilimpimia bure, nikawa mtu wa kopo. Nilikaa juu ya sima yangu, nikakasirika mpaka nikakohoa.

Nikajaribu njia ya kwanza. Nilimtuma Jenerose dukani akanunue sukari, tena ile nzuri, nikampelekea Mama Furaha kwa heshima. Aliipokea kwa mikono miwili na kelele nyingi: "Eh, Injenyeri! Mersi! Mungu akuongezee!" Kesho yake ukaja uji. Kwenye kopo.

Nilifikiri jambo hilo siku kadhaa, maana muda nilikuwa nao. Sukari ilikataa kufanya kazi kwa sababu haikuwa na mkono wangu ndani yake. Ilitoka kiwandani ikaenda dukani, ikatoka dukani ikaenda kwake. Hata shetani akikuletea pakiti ya sukari iliyofungwa, utaipokea na kunywa nayo chai. Kuipokea hakumaanishi kwamba umemkubali shetani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kipimo cha mwezi wa pili wa dawa kilirudi safi. Nesi aliniambia siambukizi tena, naweza kula na watu. Nilitoka pale natembea kama waziri. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja ukutani.

"Mama Furaha! Nimepimwa! Siambukizi mtu tena!"

"Mungu asifiwe, Injenyeri!" alijibu huku akigeuza ndagala juani. "Sasa pumzika muzuri!"

Jioni hiyo ukaja mchuzi. Kopo.

Bustani haikuanza kwa hekima yoyote. Ilianza kwa hasira na kichefuchefu. Vidonge vilinipa njaa ya ajabu, na vilevile vilinifanya nichukie kila kilichopikwa. Kitu kimoja tu nilikitamani: lenga-lenga changa, zile ambazo Tanzania wanaziita mchicha, zilizochumwa na kuingia sufuriani kabla hazijajua kwamba zimechumwa. Kambini mama alikuwa nazo nyuma ya nyumba yetu ya udongo. Za sokoni zilinifikia Kinama zimelala kama matambara.

"Lenga-lenga hizi zimekufa lini?" nilimuuliza Jenerose.

"Kama unataka zenye kuwa hai, lima."

"Nitalima."

"Wapi? Mu sima?"

Basi nikavunja sima. Ndiyo, ile ile. Nilichukua nyundo na tindo, nikaanza kona ya nyuma ambako jua linafika. Zamani kona ile ningeimaliza asubuhi moja huku naimba. Sasa nilipiga nyundo mara chache, nikakaa. Nikapiga, nikakaa. Mama alitoa kigoda chake akaja kutazama, na kila kipande kilipong'oka alisema, "Pole, sima." Mtaa ulipita langoni ukitikisa kichwa. Walisema dawa zimenipanda kichwani.

Udongo ulipoonekana nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nilipiga kamba, nikaweka vigingi, nikapima pembe, nikatumia pima maji mpaka tuta likawa bapa kama meza. Nikalizungushia matofali, nikaziba nafasi kwa chokaa ili lisimomonyoke. Hujaona tuta zuri kama lile. Mtu angeweza kuweka kabati juu yake. Nikapanda mbegu, mvua ikanyesha, na tuta langu lililo sawasawa, lisilo na upenyo hata mmoja, likawa birika. Mbegu zikaelea. Chura akahamia.

Jenerose alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Divine, umejenga piscine!"

"Si bwawa la kuogelea, ni majaribio," nilisema.

Nilitoboa matofali, nikalipa tuta mteremko, nikapanda upya. Kuku wakaja. Nikaweka miiba. Jua likapiga siku nne mfululizo katikati ya mvua, na mimi niliyewahi kusimamia mafundi kumi na wawili nikawa namwagilia kwa kopo la nyanya, lile lile la Mama Furaha, nililolitoboa chini kwa msumari. Kazi hiyo haikutaka nguvu. Ilitaka uchuchumae. Mwanzoni nilichuchumaa nikishindwa kuinuka, nikashika ukuta na kusubiri kizunguzungu kipite. Vidole vya miguu vilikuwa vinanichoma, magoti yalilia kama bawaba. Lakini chuchumaa, inuka, chuchumaa, inuka. Siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshasimama, nimebeba kopo, ndipo nikagundua kwamba sikushika ukuta. Sikumwambia mtu. Nilichuchumaa tena ili nihakikishe.

Na mwezi wa vidonge ulikuwa mrefu, lakini lenga-lenga zina kalenda yao. Asubuhi moja hakuna kitu, asubuhi ya pili kuna vijani viwili viwili vyekundu kwa chini. Unapoamka una jambo la kwenda kutazama ambalo si makohozi yako.

Tulipochuma mara ya kwanza Jenerose alipika kwa vitunguu na karanga. Nilipewa changu kwenye sahani yenye nukta, wao wakala kwenye sinia lao ndani. Divine akatoka barazani akiwa na kijiko mkononi, akasimama mbele yangu.

"Papa, eti ni zako?"

"Ni zangu."

Akachota kwenye sahani yangu, akala. Mama yake alikuwa mlangoni. Nilimwona akifungua mdomo ili amkemee, na nilimwona akiufunga. Nesi alishatwambia, karatasi ya kipimo alishaisoma, lakini macho yake yalikuwa hayajaamini hadi dakika ile.

"Zako ni tamu kushinda zetu," Divine alisema. Sufuria ilikuwa moja.

Wiki hiyohiyo nilifunga fungu zuri, majani makubwa, nikalifunga kwa ugomba na kulikata mizizi sawasawa. Sikumtuma Jenerose. Nililipeleka mwenyewe mpaka ukutani na kulitoa kwa mkono wangu. Mama Furaha alilitazama, akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea. "Eh, Injenyeri amekuwa mulimaji! Mersi sana, papa!"

Nilirudi nikajiona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi nikiwa natoa magugu nilisikia kitu kikitafuna upande wa pili. Nikachungulia. Mama Furaha alikuwa na mbuzi dume mwenye ndevu, amefungwa kwenye mpapai. Mbele ya mbuzi kulikuwa na lenga-lenga zangu. Ugomba nilioufunga ulikuwa bado upo.

Sitakuandikia yote niliyoyasema. Daktari alinikataza kupiga kelele, na siku hiyo sikumtii.

"Mama Furaha! Toka nje! Njoo umtazame mgeni wako anavyokula!"

Alitoka, akaona nilichokiona, akashika kiuno. Hakukana, na hapo nampa heshima yake.

"Sasa unataka nifanye nini, Injenyeri?"

"Ule! Watu wakipewa mboga wanakula!"

"Niliogopa."

"Nilikuambia nimepimwa! Siambukizi! Unataka nikuletee nesi akuimbie?"

"Nilisikia. Masikio ilisikia." Akapunguza sauti, na sijawahi kumsikia akiongea chini namna ile. "Dada yangu alikufa na hicho kikohozi, kule Uvira. Tulikuwa tunakula sahani moja, mi na yeye. Banasema amepona, banasema amepona. Sasa mi nikiona chakula ya mutu mwenye amekohoa, tumbo inafunga. Si weye. Ni tumbo."

Ningeweza kumwambia pole. Mtu mwema angesema pole. Lakini nilikuwa nimechuchumaa wiki nyingi kwa ajili ya fungu lile, nilikuwa nimevunja sima yangu, na mbuzi alikuwa anaendelea kutafuna huku ananitazama machoni.

"Sawa," nilisema. "Usile. Lakini mbuzi huyu ananenepa kwa mkono wangu. Mafuta yake ni lenga-lenga zangu. Siku utakapomchinja, Mama Furaha, utakula mkono wangu pamoja na mifupa, na tumbo lako halitaulizwa!"

Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. Kisha akacheka. Hakutaka kucheka, aliziba mdomo kwa kitenge, lakini kicheko kilipita. Mama yangu naye, kwenye kigoda chake, alikuwa anatikisika mabega.

Tangu siku hiyo nikawa nampelekea mbuzi waziwazi. Kila nilipochuma, fungu moja lilikuwa lake. "Mama Furaha! Ya mzee wako haya!" Naye akapokea bila haya. "Anakusalimia! Anasema za jana zilikuwa ngumu!" Mtaa ukazoea. Watu walianza kuniuliza langoni mbuzi anaendeleaje kabla ya kuniuliza mimi naendeleaje, jambo ambalo kwa mgonjwa ni mapumziko makubwa. Lakini chakula cha Mama Furaha kilipokuja, kilikuja kwenye kopo, na mimi nililihesabu hilo.

Februari, baada ya miezi sita, nilimeza kidonge cha mwisho. Nesi alisema nimepona, akaniandikia, akanipa mkono. Kwenye benchi la nyuma wasindikizaji wapya walinitazama kwa wivu. Mkanda ulikuwa umerudi kwenye tundu la kwanza. Nilirudi kazini nusu siku. Nyumbani niliigeuza sahani yangu nikakuta nukta haipo, imekwanguliwa mpaka bati limeng'aa, na Jenerose alikuwa anatazama pembeni kama mtu asiyejua habari za sahani. Nilikula ndani, kwenye sinia, na nikagombana na watoto juu ya nyama kama baba wa kawaida.

Ungedhani nimeridhika. Sikuridhika. Karatasi ninayo, nimeiweka pamoja na diploma. Lakini karatasi ya kituo inasema tu kwamba huui watu. Haisemi kwamba una kitu cha kuwapa. Nilitaka lile bakuli.

Pasaka ilikuja na mvua kubwa. Barabara yetu ilikuwa mto wa tope, na ua wangu, ukiacha kona ya nyuma, ulikuwa safi kama kawaida. Nilikuwa barazani baada ya misa nikiwa na viatu vyangu vya heshima, ndipo niliposikia lango. Mama Furaha mwenyewe, si mtoto, si sauti juu ya ukuta. Amevaa kitenge kipya, miguu imejaa tope mpaka magotini, na tope lile lote alilileta juu ya sima yangu hatua kwa hatua. Mikononi alikuwa ameshika kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Injenyeri, unamukaribisha jirani ama?"

"Karibu. Mzee wako hajambo? Leo sikumsikia."

"Hayupo tena." Akafunua kitambaa. Nyama ya mbuzi, mchuzi bado unatoa moshi, ndani ya bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka kidogo pembeni. "Ulisema siku nitamuchinja nitakula mukono yako. Nimekula. Nimesubiri kidogo nione kama tumbo itafunga."

"Na?"

"Nikaongeza."

Jenerose alitoka, mama akatoka, Divine akaingiza kidole kwenye mchuzi. Mimi nilikuwa nimelishika bakuli lile kwa mikono miwili, kidole kikipapasa pale lilipobanduka. Machozi yangu, niseme, yalikuwa meupe. Dawa zilishatoka mwilini.

"Nyama itapoa," Jenerose alisema.

Nilimimina nyama kwenye sinia, nikaliosha bakuli mwenyewe. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, anapangusa tope la miguu yake juu ya sima yangu.

"Iyo bakuli ni yangu," alisema. "Si kopo. Utarudisha."

"Najua utaratibu."

"Na usinitilie sukari ya duka."

Nilikwenda kona ya nyuma na bakuli lile, nikiwa na viatu vyangu vya heshima. Bila shaka ndiyo siku ambayo nilikuwa nimeshachuma karibu kila kitu, na kuku walikuwa wamepitia kilichobaki. Nikachuchumaa katika tope, nikatafuta chini ya majani makubwa, zile changa, moja moja, mpaka zikafika kwenye ukingo wa buluu. Ilichukua muda. Nyuma yangu walikuwa wananiita kwamba wanakula bila mimi. Wacha wale. Niliinuka bila kushika ukuta.